Maili za Uchovu

Paundi ya Sudan Kusini ilizaliwa Julai 2011, siku chache baada ya uhuru, na kwa zaidi ya miaka minne serikali ikashikilia kwamba dola moja ni chini kidogo ya paundi 3. Desemba 2015 wakaiachia. Mara moja dola ikaruka hadi paundi 18 na nusu. Mwishoni mwa 2018 wabadilishaji fedha wa soko la Custom mjini Juba, wale wanaokaa kwenye viti vya plastiki wamepanga matofali ya noti mbele yao, walikuwa wakitaja paundi mia mbili na zaidi kwa dola ileile. Aliyeishi Juba miaka hiyo hakuhitaji mwalimu wa uchumi. Mshahara wa paundi ukiingia asubuhi, jioni umeshageuka unga, mafuta ya kupikia, sabuni au dola. Noti iliyolala ni noti iliyooza.

Nimeanzia huko kwa sababu pale Custom ndipo nilipoielewa biashara ya pointi za safari, au maili kama mashirika mengi ya ndege yanavyoziita. Nazo ni fedha anayoichapisha mwingine. Yeye ndiye anayezigawa, yeye ndiye mwenye duka la kuzipokea, na yeye ndiye anayepanga bei ya kesho bila kukuuliza. Wengi huziwekea akiba kama wanaojenga nyumba. Mimi nilizichukulia kama paundi: zikitosha kununua kitu, nanunua.

Mpango wa kwanza mkubwa wa aina hii ulianzishwa na American Airlines Mei 1981, kwa ajili ya wafanyabiashara waliokuwa wakiruka kila wiki kwa gharama ya kampuni zao. Sidhani aliyeubuni aliwaza kwamba miaka thelathini na kitu baadaye ungemfaa afisa ununuzi wa shirika la misaada, mtoto wa Kibokoni, Mombasa, anayelala ndani ya kontena kando ya Nile. Lakini ukitazama, watu wa Juba tunafanana na wale Wamarekani kwa jambo moja. Tunapanda ndege mara nyingi, na si sisi tunaolipa.

Juba ni kituo cha shida. Wafanyakazi wa kigeni wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika mengi hupewa, kila wiki 6 au 8 kutegemea mwajiri, likizo fupi ya kutoka nje ya nchi pamoja na tiketi. Sisi tuliiita R&R. Asiyeishi pale hudhani ni anasa. Maisha yalikuwa jenereta isiyonyamaza, ukuta wenye seng'enge, marufuku ya kutembea kwa miguu, na kafyu ya saa moja jioni ambayo ilimkuta mtu mzima anakimbia na mfuko wa nyanya kama mtoto aliyetumwa dukani. Baada ya mapigano ya Julai 2016, mlango ukibamizwa, meza nzima ilinyamaza. Wiki ya sita ikifika, watu wenye shahada mbili waligombea kijiko. Ndipo unapowekwa kwenye ndege. Maili hutoka hapo, na ndiyo maana naziita maili za uchovu. (Ndege za UNHAS, huduma ya anga ya misaada ya Umoja wa Mataifa, zilizotupeleka Bor, Rumbek na Malakal hazikutoa hata maili moja, ingawa ndizo zilizotutikisa mifupa kuliko zote.)

Wenzangu wengi wa Kenya walipanda Kenya Airways hadi Nairobi. Miaka hiyo maili zao ziliingia Flying Blue, mpango wa Air France na KLM. Asante Rewards ya Kenya Airways yenyewe ilikuja 2021. Mimi nilitaka Mombasa, si Nairobi. Ukitazama ramani ni kichekesho: kutoka Juba unaruka mashariki, kilomita 900 na kidogo hadi Addis Ababa, kisha unateremka kusini kilomita 1,400 na ushei hadi Mombasa. Umezunguka pembe nzima. Lakini Ethiopian Airlines ilitua uwanja wa Moi, Mombasa, moja kwa moja, na mpango wao, ShebaMiles, ulihesabu maili kwa umbali na daraja la tiketi. Mzunguko ukawa na faida. Kwenda na kurudi ni karibu maili 3,000 kwa tiketi ya daraja linalolipa asilimia mia. Tiketi za bei ya chini hulipa pungufu, na hapo ndipo wengi hushangaa kuona akaunti hainenepi. Isitoshe, Ethiopian imo Star Alliance tangu Desemba 2011, hivyo semina ya Johannesburg au Cairo nayo iliingia kwenye kadi ileile. Kadi moja. Nimewaona watu wenye kadi sita na maili zisizotosha hata kuvuka mpaka.

Swali la haki lilinisumbua kuliko hesabu. Tiketi imelipwa na mfadhili. Maili ni za nani? Mashirika ya ndege hayana utata, huandikisha mtu, si ofisi. Serikali ya Marekani ililimaliza kwa sheria ya Desemba 2001 iliyowaruhusu watumishi wake kubaki na maili za safari za kazi. Mashirika ya misaada kila moja lina lake, na kwetu mwongozo wa safari uliruhusu. Ila mimi nilikuwa upande wa ununuzi, na najua mlango wa uovu ulipo: mtu anaacha kotesheni ya bei nafuu na kuchukua ya bei juu kwa sababu ndiyo yenye maili zake. Huo ni wizi, hata ukiandikwa kwa wino wa kijani. Zangu zilipitia kotesheni tatu kama za wengine, na safari ambazo mwingine aliuza nafuu zaidi, nilipanda huyo mwingine.

Dereva wetu, mzee wa kabila la Kuku aliyewahi kuishi kambi ya Kakuma na kuzungumza Kiswahili cha Turkana kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba, aliniuliza siku moja njiani kwenda uwanjani:

"Dada, hiyo kadi wanakupea kitu gani?"

"Nikisafiri sana, Mzee, wananipa safari nyingine."

Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Sasa aliyechoka na safari anapewa safari. Na mimi niliyechoka hapa?"

Sikuwa na jibu. R&R ilikuwa ya sisi wa kigeni; wenye nchi yao hawakupata, hata yule aliyezikimbia risasi zilezile mwaka 2013 na tena 2016. Yeye akitaka kupumua alipanda basi pale Custom, akashika ile lami ya kilomita 192 hadi Nimule, akavuka Elegu, akafika Kampala kesho yake amevimba miguu. Basi halina maili.

Sasa mpango wenyewe. Nilitaka siku nne au tano za mji mkubwa, mji wenye treni, makumbusho, na barabara ya kutembea bila redio mkononi, na nilitaka mama awepo. Mama yangu alikuwa hajatoka Kenya isipokuwa Tanga kwa arusi. Ningeweza kumpeleka Dubai, ndoto ya kila mtu wa pwani. Nikafanya hesabu ambayo namshauri kila mwenye maili aifanye kabla ya kuota: chukua bei ya tiketi kwa fedha, toa kodi na ada ambazo utazilipa hata ukitumia maili, kinachobaki ukigawe kwa maili wanazokudai. Tuseme tiketi ni dola 400, kodi na ada 120, na wanataka maili 20,000. Umebaki na dola 280, yaani kila maili inakununulia senti 1.4. Fanya hivyo kwa miji mitatu au minne, uone ni wapi maili ina nguvu.

Jibu lilikuwa karibu. Tiketi fupi za Afrika ni ghali mno kwa umbali wake. Saa moja na nusu angani hapa hugharimu kile ambacho Ulaya kingekuvusha bara zima na kukurudisha. Kwa mpango unaodai maili kwa umbali, hilo ni neema: wanakudai kidogo kwa sababu ni karibu, na wanakuepusha na bei kubwa ya fedha. Dubai ilikuwa na ndege nyingi zinazoshindana, tiketi zikashuka, na maili yangu ikapoteza makali. Addis ilishinda kwa mbali. Tena tungekutana katikati: mimi kutoka Juba, mama kutoka Mombasa, kila mtu na ndege moja tu. Na Mkenya haombi viza kuingia Ethiopia. Hiyo ni fedha ambayo haionekani kwenye jedwali lolote la pointi, nayo huamua safari nyingi kuliko pointi zenyewe.

Mwenzangu mmoja wa Arusha alinicheka. Yeye alikuwa akilimbikiza kwa ajili ya Paris, yeye na mkewe, viti vya mbele. Alikuwa na picha ya mnara kwenye kompyuta yake. Mpango wake ukabadilisha bei, akaambiwa aongeze tena karibu nusu ya alizonazo. Na alipokuwa akihangaika kuongeza, za zamani zikaanza kufa kwa umri. Hakudhulumiwa, kwani masharti yalikuwa yameandikwa. Delta ya Marekani ilishafika mbali zaidi mwaka 2015, ikaondoa kabisa jedwali la bei za maili, mteja akawa anaona bei siku anayotafuta kiti. Maili za ShebaMiles zilikuwa na miaka 3 ya kuishi. Ukiwa Juba, ambako mkataba wako ni wa mwaka na vita havitoi taarifa, miaka 3 ni mbali sana.

Kosa la kawaida ni kuchagua tarehe halafu kutafuta kiti. Viti vya maili ni vichache kwenye kila ndege, na siku za Ijumaa na Jumapili havipo. Nilianza na viti. Nikatafuta Jumanne na Jumatano za miezi mitatu mfululizo, Juba kwanza kwa sababu ndiko ndege zilikojaa, kisha Mombasa, nikaandika kwenye karatasi mpaka nikapata siku zinazogongana. Ndipo nikaenda kwa meneja na kumwomba asogeze likizo yangu, si kabla. Ikawa mwanzoni mwa Desemba 2018.

Tiketi ya bure haiko bure. Kodi na ada zilibaki, na kulipa kutoka Juba kulikuwa na vituko vyake. Kadi ya benki haikuwa na kazi kubwa mjini. Dola taslimu ndizo zilizotawala, na si kila dola. Karani wa tiketi, kijana mpole mwenye kucha ndefu ya kidole kidogo, alizipokea noti zangu moja moja. Alitazama mwaka, akarudisha yenye kichwa kidogo. Akaipeleka nyingine kwenye mwanga wa dirisha, akaikunja pembeni, akaikwaruza kola ya yule mzee wa kwenye noti kwa ile kucha. Noti moja ilikuwa na alama ya wino yenye ukubwa wa punje ya mtama. "Hii, dada, Custom watakukatalia," akasema, naye akaikataa. Nilikuwa nimekwenda na noti za akiba. Kila anayeishi Juba huenda na noti za akiba.

Nilipompigia mama kumwambia tiketi yake iko tayari, alikaa kimya kidogo.

"Mwanangu, umelipa ngapi?"

"Sijalipa, mama. Ni zawadi ya ndege. Nimelipa ushuru tu."

"Hicho kiti cha zawadi kina mkanda?"

Nikamhakikishia. Akauliza kama atakaa karibu na choo, akauliza kama watampa chakula au watawapa waliolipa peke yao. Sikucheka, maana ni maswali ya haki kwa mtu aliyeishi miaka sitini na kitu akijua cha bure kina mwenyewe. Jina lake niliwaandikia kama lilivyo kwenye pasipoti, majina matatu kwa mpangilio uleule. Mpango ulitaka umwandikishe mapema unayetaka kumkatia, na nilikuwa nimefanya hivyo tangu mwanzo wa mwaka. Cheti cha homa ya manjano akakichukua Mombasa.

Nikaondoka Juba kupitia jengo jipya la abiria lililofunguliwa Oktoba ile. Kabla yake tulipitia kwenye mahema, na mizigo ilipekuliwa kwa mkono mbele ya watu, nguo za ndani na zote. Uwanja wa Bole, Addis, nilifika kwanza, nikamngoja mama. Alitoka amevaa buibui, juu yake sweta la kaka yangu na juu ya sweta koti langu la zamani. Nilikuwa nimemwonya kuhusu baridi, maana Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na mtu wa Kibokoni hupanda ngazi mbili akahema. Kwa sababu hiyohiyo nilichagua nyumba ya wageni yenye lifti, mtaa wa Bole, na yenye gari lake la kupokea wageni uwanjani bila malipo. Ukiokoa tiketi halafu ukamaliza fedha kwenye teksi, hujaokoa.

Tatizo nililoliogopa lilikuwa chakula. Ethiopia nyama ina upande: Waislamu hula iliyochinjwa na Waislamu, Wakristo vivyo hivyo, na mikahawa imegawanyika. Mama angeuliza kila mlango nani kachinja. Lakini mwishoni mwa Novemba Waorthodoksi huanza mfungo unaowafikisha Krismasi yao ya Januari 7, na kwenye mfungo huo hawagusi nyama, maziwa wala siagi. Mji mzima ukawa unapika mboga. Tulikaa kwenye mkahawa wa kawaida, ikaletwa beyaynetu: injera moja pana kama ungo, juu yake shiro ya rangi ya matofali, adesi nyekundu, adesi za kijani, sukuma iliyokatwa kubwa kubwa, viazi na karoti, kabichi, na katikati kachumbari ya pilipili mbichi. Mama aliinusa, akamega, akaitafuna polepole akitazama dari. "Kama mkate wa maji uliochachuka," akasema, akamega tena. Kwa fedha yetu mlo wa watu wawili ulikuwa bei ya soda mbili za hoteli ya Juba. Tulikula hivyo kila siku, na hakuuliza nani kachinja.

Kitu kingine ambacho sikukipanga ni saa. Mhudumu wa asubuhi alitwambia kwa Kiingereza chake kwamba kifungua kinywa kinaanza saa mbili. Mimi niliyezoea saa za ofisi na ndege nikadhani ni saa nane mchana, nikaanza kubisha. Mama akanitazama kwa huruma. Wahabeshi huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kama sisi. Saa mbili ni saa mbili. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akiuliza saa na kunitafsiria, na alianza kutembea mbele yangu.

Treni ya mjini, iliyofunguliwa Septemba 2015, ilitoza birr 2, 4 au 6 kutegemea umbali, wakati benki ikitoa birr kama 28 kwa dola. Tuliipanda kwenda Merkato na tuliipanda bila kwenda popote. Merkato mama aliswali adhuhuri msikiti wa Anwar, akatoka na marafiki wawili wa Harar ambao hawakuwa na lugha moja naye ila salamu na dua. Makumbusho ya Taifa tukamtazama Lucy, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, wale wa huko humwita Dinknesh, aliyechimbuliwa Hadar Novemba 24, 1974, mwenye umri wa miaka milioni 3.2, mifupa halisi huhifadhiwa, kinachoonyeshwa ni nakala. Urefu wake ni kama wa mtoto wa chekechea. Mama alisoma maelezo kwa kidole, akasogea karibu na kioo. "Maskini," akasema, "hana hata kanga."

Wapo wanaoipata Addis bila hata kutumia maili. Abiria wa Ethiopian anayebadilisha ndege pale na kungoja zaidi ya saa 8 kwa sababu hakuna ndege ya mapema zaidi, hupewa hoteli, chakula na usafiri. Wenzangu wengi wa Juba walilala tu. Mimi nimeshawahi kutoka kwenye usiku wa namna hiyo, nikaona zaidi kuliko kwenye likizo nyingine niliyolipia.

Mama aliporudi Mombasa hakusema binti yake alikuwa na pointi. Alisema Wahabeshi walimwalika. Wiki haijaisha, jirani yetu mmoja akafika nyumbani na bahasha ya vipande vya tiketi, vya umra, vya mtoto wake anayefanya kazi Doha, vya mkwewe wa Muscat, vyote vimekunjwa vizuri, akamwambia mama amtumie yule msichana wa Juba ampigie hesabu amepata mialiko mingapi. Nikaongea naye kwa simu. Nikamweleza kwamba vipande vya zamani havifai, mashirika hupokea madai ya safari za miezi ya karibuni tu, na ni lazima mtu awe amejiandikisha. Hakukasirika. Akauliza kujiandikisha ni bei gani.

"Bure, mama."

"Basi niandikishe leo. Umra ya mwakani wasinile."

Akanisomea pasipoti herufi moja baada ya nyingine. Jina la babu liliandikwa kwa z mbili, nasi tukaliacha hivyohivyo.